Mlango Usikose Majina Yake



Ukurasa huu umezoea kutafakari mambo ya familia, ya malezi na ya maisha yetu ya pamoja. Mara hii tunaomba tusimame mlangoni, mbele ya mbao na vyuma vyenyewe, tuulize: vitu hivi vinaitwaje? Swali ni dogo, lakini jibu lake linazidi kuwa gumu. Katika miji yetu, toka Bukavu hadi Lubumbashi, toka Kindu hadi Kalemie, milango inatengenezwa kila siku kando ya barabara. Kijana anayepiga randa na kuunga mbao anaijua kazi yake. Lakini akitaka kumtuma mwenziwe atasema, "Niletee ile chuma," au, "Niletee kile kitu cha kufungia." Vyombo vitano vyenye kazi tano tofauti vimebaki na jina moja, nalo ni "kitu".

Maoni yetu ni haya: majina ya zamani ya mlango na vifungio vyake yanastahili kukusanywa na kufundishwa sasa, wakati wanaoyajua wangali hai. Lakini yakusanywe kwa heshima, pamoja na majina yetu wenyewe ya huku Kongo, wala yasigeuzwe fimbo ya kuwapigia watu wanaosema Kiswahili cha nyumbani kwao.

Mlango na viungo vyake

Tuanze kwa kutaja, maana ni vigumu kutetea jambo tusilolijua. Katika Kiswahili cha pwani, ambako lugha hii ilizaliwa, fremu ya mlango haikuhesabiwa kuwa kitu kimoja. Miti miwili inayosimama kushoto na kulia ni miimo. Mmoja ni mwimo, neno lenye undugu na "wima". Ubao unaolala juu na ule unaolala chini vyote viwili ni vizingiti: kizingiti cha juu na kizingiti cha chini. Wengi wetu twakijua kile cha chini tu, kwa sababu ndicho kinachotukwaza mguu.

Mlango mkubwa wa mbao mbili, kama ile inayosifiwa ya Unguja, Mombasa na Lamu, una kiungo kingine. Ni ubao mwembamba wa katikati, uliofungwa kwenye mmoja wa mbao hizo mbili, ili zinapokutana pasibaki mwanya. Huo unaitwa mfaa. Mafundi wa pwani waliuchonga maua na minyororo, kwa kuwa ndio unaoonwa kwanza na mgeni aliyesimama nje. Vile vipande vyembamba vinavyopigiliwa kuzunguka ukingo wa fremu, au kufunika mahali mbao zinapoungana, ni papi. Kimoja chake ni upapi. Huku kwetu seremala hukata vipande hivyo kila wiki katika mbao za libuyu au za mvule, akaviita "vipande" tu.

Kisha kuna kile kinachouwezesha mlango kugeuka. Jina linalojulikana leo ni bawaba, lakini kamusi za zamani zinatoa pia jina la pata, wingi wake mapata. Bawaba ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu yake ni bawabu, yaani mngoja mlango. Ukijua moja, la pili halikupotei tena.

Tukifika kwenye kufunga, hapo ndipo lugha ilipokuwa na utajiri mkubwa. Kiwi ni mti unaokingamishwa nyuma ya mlango ili mtu wa nje asiweze kuusukuma. Kia ni kipande kidogo cha mti au cha chuma kinachouzuia mlango usifunguke wenyewe. Komeo ni kifungio kinachopitishwa mahali pake na mtu aliye ndani, nalo lina kitenzi chake kamili: kukomea ni kufunga kwa komeo, na kukomoa ni kuliondoa, sawasawa na kufunga na kufungua. Kipingo, au pingo likiwa kubwa, kimepata jina lake kwa kazi ya kupinga. Tumbuu ni kitanzi cha chuma kilichopigiliwa kwenye ubao au kwenye mwimo, ambamo mnyororo au kufuli hupitishwa. Kufuli lenyewe hutoka mahali pake likabebwa mkononi. Kitasa hakitoki, kwa sababu kimekazwa kwenye ubao wa mlango.

Tazameni faida yake. Mama mwenye nyumba akimwambia fundi kwamba tumbuu imelegea, fundi anajua aje na nyundo. Akisema kufuli limeharibika, jibu lipo dukani. Akisema bawaba zimeshuka, fundi anajua kabla ya kufika kwamba mlango unasugua kizingiti cha chini, na kwamba atahitaji parafujo na pengine randa. Akisema tu "mlango umeharibika", fundi atakuja mikono mitupu, aangalie, arudi nyumbani kuchukua vyombo, na nauli ya safari mbili italipwa na yule mama. Katika nyumba ambamo fedha ya chakula huhesabiwa kila asubuhi, nauli hiyo ina uzito wake.

Majina yalitoka pande nyingi

Wapo watakaouliza kama majina haya ni ya Kiswahili safi. Tukiyachunguza tunaona kwamba mlango wa Mswahili ulitengenezwa kwa mbao za nchi nyingi na kwa maneno ya nchi nyingi vilevile. Funga, fungua na ufunguo ni maneno ya Kibantu, yenye ndugu katika lugha tunazosema vijijini mwetu. Kufuli na bawaba zilitoka kwa Waarabu. Dirisha lilitoka kwa Waajemi. Parafujo ililetwa na Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama. Baadaye Waingereza walipotawala Unguja, Kenya na Tanganyika, skrubu ikaja ikakaa kando ya parafujo, na leo katika vinywa vya wengi imeisukuma nje.

Basi, fundi wa Lubumbashi anayeita kufuli "kadena", akilitoa neno hilo katika Kifaransa, hafanyi jambo ambalo wazee wa pwani hawakulifanya. Alipokea chombo dukani pamoja na jina lake, kama wao walivyopokea parafujo. Hatuwezi kumsifu mtu wa Mombasa kwa neno la Kireno na kumcheka mtu wa Kamina kwa neno la Kifaransa.

Tena kuna maneno yetu yanayodharauliwa bila haki. Huku Kongo watu wengi husema "fungula mulango". Walio soma vitabu vya pwani huwasahihisha haraka: si fungula, ni fungua. Katika maandishi rasmi wana haki, nasi katika ukurasa huu twaandika "fungua". Lakini mzizi wa jambo ni tofauti na wanavyodhani. Ile sauti ya "l" ni ya zamani. Lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka zimeihifadhi katika vitenzi vya namna hii, na katika Kilingala ufunguo huitwa "fungola". Ni Kiswahili cha pwani kilichoiacha njiani. Mtoto anayesema "fungula" hajaharibu neno. Amelitamka kwa namna inayokubaliana na lugha ya bibi yake.

Njia iliyoyaleta huku

Yafaa pia tukumbuke kwamba maneno haya hayakufika kwetu kwa amani. Kiswahili kiliingia Maniema na Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa hadi Nyangwe na Kasongo. Mwaka 1871 soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, lilishuhudia mauaji makubwa ya watu wasio na silaha yaliyofanywa na wafanyabiashara hao. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi, Tippu Tip, alikuwa na makao Kasongo, na nyumba yake ya Unguja, katika mtaa wa Shangani, husifiwa hadi leo kwa mlango wake wa kuchongwa. Mzuri ni mlango huo, lakini sisi wa huku tunajua mali iliyomtajirisha mwenyewe ilitoka wapi. Hata katika maneno yenyewe kumbukumbu ipo: kipingo cha mlango na pingu za miguuni ni maneno yanayokaribiana, na mnyororo uliopitishwa kwenye tumbuu ulipitishwa pia shingoni mwa watu.

Tunalisema hili ili mtu asidhani kwamba twayatukuza ya zamani kwa kuwa ni ya zamani. Maneno hayana hatia ya waliyoyatumia. Watu wetu waliipokea lugha hiyo, wakaigeuza kuwa ya soko, ya sala, ya shule na ya ndoa, mpaka ikawa yao. Tangu mwaka 2006 Katiba ya nchi yetu, katika kifungu chake cha kwanza, inaitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lugha ya taifa inayokosa maneno ya kutaja mlango wa nyumba ina upungufu ambao sheria haiwezi kuuziba.

Na nyumba za pwani zilipofika huku, majina ya sehemu zake yalifika nazo. Mfano mmoja unajulikana na kila mtu. Neno "baraza", mahali pa kukaa mbele ya nyumba, liliingia katika Kiswahili chetu, kisha likavuka hadi katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo, ambao waliandika "barza" wakimaanisha veranda. Wazee wetu wanaosema Kifaransa hulitumia mpaka leo. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. Lugha yetu nayo imewakopesha wengine, na kwa jambo hilihili la nyumba.

Waliotuhifadhia

Majina mengi ya zamani yangekuwa yamepotea kabisa kama wasingekuwapo watu waliokaa na kuyaandika. Edward Steere alichapisha kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Ludwig Krapf alikusanya maneno ya Mombasa na kandokando yake, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Lakini kwetu sisi wa Kongo aliye muhimu zaidi ni Padri Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Unguja na Bagamoyo. Kamusi yake kubwa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Ina mambo mawili yanayotufaa. La kwanza, inaonyesha neno ni la lahaja gani, kama ni la Unguja, la Mombasa, la Lamu, la Mrima au la Ngazija. La pili, maelezo yake yameandikwa kwa Kifaransa, na kwa hiyo mwalimu yeyote wa sekondari wa huku kwetu aweza kuisoma bila kuhitaji Kiingereza.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka pia kamusi ya Kiswahili sanifu ya Frederick Johnson, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Huko, lahaja ya Unguja ilikuwa imekwisha kuchaguliwa iwe msingi wa lugha ya shule na vitabu. Uamuzi huo ulileta faida nyingi: mtu wa Kigoma, wa Nairobi na wa Uvira waweza kusoma kitabu kimoja. Hata hivyo ulikuwa na gharama yake. Mwandishi wa kitabu cha shule huhitaji neno moja kwa kitu kimoja. Mahali paliposemwa kiwi, kia, kipingo na komeo, kitabu huandika moja, na mengine hubaki katika kamusi nene na vinywani mwa maseremala. Kisha maseremala huzeeka.

Kwa nini majina hufa

Tusiulaumu usanifu peke yake. Sababu kubwa ya jina kufa ni kwamba chombo chenyewe kimeondoka. Mwenye nyumba wa leo hanunui tena gongo la kukingama nyuma ya mlango. Hununua kitasa kilichotoka kiwandani, ndani ya boksi lenye maandishi ya lugha za mbali. Milango ya vyuma iliyochomelewa imeenea mijini, kwa sababu ya hofu ya wezi na ya watu wenye silaha, na mlango wa namna hiyo hauna mfaa wala upapi. Fundi wake ni wa kuchomelea, naye alifundishwa kwa majina ya Kifaransa. Hakuna aliyefanya kosa. Maisha yamebadilika.

Lakini tuangalie vizuri, kwa maana jina lina uwezo wa kuishi kuliko chombo chake. Komeo la mti limekwisha katika nyumba nyingi, lakini neno lake lilihamia kwenye chuma kinachosukumwa kwa kidole, kwa kuwa kazi ni ileile. Kitasa kilikuwa sanduku kubwa la chuma lenye ufunguo wa kujaza kiganja. Leo ni chombo chembamba kilichofichwa ndani ya ubao, na jina halikubadilika. Jina lililoshikamana na kazi laweza kuhama. Hufa pale ambapo hakuna anayemtajia kijana jina hilo wakati mkono wake ukiwa juu ya chombo. Katika karakana, jina hujifunzwa kwa namna hiyo tu, mkono na sikio kwa pamoja. Bwana fundi akianza kuonyesha kwa kidole badala ya kutaja, kizazi kimoja chatosha kulipoteza.

Wanaopinga wanasema nini

Tumesikia hoja mbili dhidi ya maoni yetu, nazo zastahili kujibiwa kwa haki.

Ya kwanza inasema: nyumba njema si mlango. Methali hiyo ni ya kweli. Familia zetu zina njaa, karo za shule, magonjwa na vita, nasi twazungumza juu ya bawaba! Twajibu kwamba hatuombi bajeti wala mkutano mkuu. Kumtajia mtoto jina la kitu hakugharimu chochote. Tena methali yenyewe haiishii hapo. Yasema ufungue, uingie ndani. Na ili mtu amwelekeze mwingine namna ya kufungua, anahitaji maneno ya kufungulia. Umaskini wa maneno haupunguzi umaskini wa fedha. Huuongezea, kama tulivyoona kwa yule mama na nauli yake.

Hoja ya pili hutoka kwa wale wanaopenda lugha, nasi twawaheshimu. Wanasema: Kiswahili cha Kongo kimeoza, tuache kadena na fungula, tuchukue maneno ya Dar es Salaam na Zanzibar yote kama yalivyo. Hapa hatukubaliani nao. Mzee wa Kongolo akisahihishwa mara tatu mbele ya wajukuu, mara ya nne atanyamaza. Akinyamaza, hatutapata neno la pwani wala neno lake. Tena pwani yenyewe haikuwa na sauti moja. Ndiyo maana Padri Sacleux alilazimika kuandika lahaja kando ya neno. Kama wao walikuwa na majina mengi bila kuacha kuelewana, kwa nini sisi tudai kwamba jina moja tu ndilo halali? Kijana mwenye akili aweza kujua kwamba dukani aseme kadena, katika mtihani aandike kufuli, na kwa babu yake aulize jina la tatu. Hilo ni jambo la kawaida kwa mtoto wa Kongo, ambaye hukua na lugha tatu au nne.

Kinachopotea

Sisi walimu twaona hasara hii mahali pawili zaidi. Mahali pa kwanza ni darasani. Mtoto husoma sentensi ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa, akaitamka bila kukwama, lakini haoni kitu akilini, kwa kuwa neno halina sura. Mwalimu humsifu kwamba anajua kusoma. Ametamka tu.

Mahali pa pili ni katika kusikiliza Neno la Mungu. Maandiko yamejaa milango. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 12, kinaeleza damu ya mwana-kondoo iliyopakwa kwenye miimo na kizingiti cha juu. Asiyejua miimo hufikiri damu ilimwagwa sakafuni, au popote mlangoni, naye hawezi kuona picha ya familia inayokaa ndani chini ya alama hiyo. Mithali, katika sura ya 26, inamlinganisha mvivu anayejigeuzageuza kitandani na mlango unaozunguka katika bawaba zake. Ni mzaha mkali, na wasikilizaji wangecheka. Lakini mahali bawaba isipojulikana, hakuna anayecheka, na mzaha umepita bure. Bawabu wa zizi la kondoo katika Injili ya Yohane, sura ya 10, ana hali hiyohiyo: wengi humdhania mtu mwenye jina la Bawabu. Mafundisho hayahitaji daima maelezo marefu. Mara nyingine yahitaji mtu anyanyuke, aende kwenye mlango wa kanisa, aweke mkono juu ya mwimo na kusema: huu.

Kuna na hasara ya tatu, ambayo haionekani upesi. Mzee aliyekuwa seremala miaka arobaini, ambaye mikono yake haiwezi tena kushika msumeno, amebaki na majina. Tusipomwuliza, twamfanya kuwa mtu asiye na kitu cha kutoa. Tukimwuliza, anakuwa mwalimu. Katika nchi ambayo vijana wengi walihamishwa na vita kabla ya kujifunza kazi ya baba zao, kumpa mzee kiti na kumwuliza jina la chombo ni namna mojawapo ya kuunga tena kilichokatika.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo manne, yote ndani ya uwezo wetu.

La kwanza: kila jumuiya ya msingi iwe na daftari moja. Ichaguliwe karakana moja ya jirani na wazee wawili au watatu, wanaume kwa wanawake. Kwa kila sehemu ya mlango ichorwe picha, hata kama si nzuri, na kando yake yaandikwe majina: kwa lugha ya kienyeji, kwa Kiswahili chetu, kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kifaransa. Picha ni ya lazima. Bila picha, miaka ishirini ijayo watu watabishana kiwi kilikuwa kitu gani.

La pili: anayeandika asisahihishe. Aliyesema "lufunguo" aandikiwe "lufunguo". Aandike pia mahali neno lilikotoka, kwa mfano Pangi, Fizi au Pweto, kama alivyofanya Padri Sacleux kwa lahaja za pwani. Usahihi wa mkusanyaji ni kuandika alichosikia.

La tatu: walimu wa shule za msingi wautumie mlango wa darasa. Somo la nusu saa latosha. Watoto waguse miimo, vizingiti, bawaba, kitasa. Waulize nyumbani mambo hayo yanaitwaje, warudi na majibu kesho yake. Mtoto atakayeleta neno ambalo mwalimu halijui asifiwe mbele ya wenzake.

La nne: mafundi wenyewe, hasa wale wanaopokea vijana katika karakana zao na katika vituo vyetu vya kufundisha kazi, warudie desturi ya kutaja. Wasinyooshe kidole tu. Kadena ikae na kufuli, na wale wanaojua tumbuu waiseme kwa sauti mpaka kijana aizoee.

Hatutegemei kwamba kiwi kitarudi nyuma ya milango yetu ya chuma. Wala hatutegemei kwamba kila mtu ataacha kusema "kile kitu". Tunatamani tu kwamba baada ya miaka michache, mtoto wa Kasongo au wa Kolwezi akisimama mbele ya mlango wa kwao, aweze kuutaja toka kizingiti cha chini hadi cha juu, kwa maneno ya babu yake na kwa maneno ya kitabu, bila kuona haya kwa yoyote kati ya hayo mawili. Jumuiya zitakazoanza daftari hilo mwaka huu zitujulishe. Tutachapisha majina hayo katika ukurasa huu, pamoja na mahali yalikotoka.